Matunguu ya Rasi kwa mbegu: frisia, lakenalia au klivia kwa Nakuru na Kisumu?

Kibaraza_Lanet
Hamjambo wanabustani. Nataka kuatika matunguu ya maua ya Afrika Kusini, yale yanayochanua majira ya baridi ya huko. Tunguu lililokomaa ni ghali na likioza limeoza, kwa hiyo naanza na mbegu. Nimebaki na majina matatu: frisia, lakenalia na klivia. Nina kibaraza chenye paa la mabati na sehemu ndogo inayopigwa na jua mchana kutwa. Nianze na ipi? Na sisi tulio karibu na ikweta, baridi tutaitoa wapi?

Mzee_Njoro
Karibu, mwanangu. Nianze na baridi, maana ndiyo inayoamua mengine yote.

Mimea hii imezoea mvua inayokuja na ubaridi, na ukame unaokuja na joto. Kule Rasi ya Magharibi mvua kubwa hunyesha Mei hadi Agosti, kisha kuanzia Novemba hadi Machi ardhi hukauka, majani hufa na tunguu hulala. Sasa tazama kalenda ya Nakuru. Mvua ndefu huanza mwisho wa Machi au Aprili, Julai na Agosti kuna mawingu na ubaridi, Desemba hadi Machi ni kiangazi. Tumekaribiana nao kuliko watu wanavyodhani. Tena tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Hiyo ndiyo baridi inayotakiwa. Theluji haihitajiki.

Kinachotusumbua ni mvua ya Oktoba na Novemba, inayokuja wakati majani yanataka kukauka. Hapo ndipo kibaraza chako kitaokoa kazi. Majani yakianza kuwa manjano, ingiza mikebe chini ya mabati na ufunge maji kabisa.

Kati ya hizo tatu mimi nachagua lakenalia. Zipo aina zaidi ya 100, nyingine nyekundu, nyingine za manjano, na ile *Lachenalia viridiflora* ina rangi ya buluu ya kijani ambayo sijui ua jingine la kulilinganisha nalo. Huchanua mwaka wa pili au wa tatu, na zinakaa vizuri katika mkebe mdogo.

Miche_Molo
Mzee amesema kweli, ila mtu anayeanza namshauri frisia. Ikiatikwa vizuri hutoa ua ndani ya mwaka mmoja, na harufu yake inajaza nyumba. Loweka mbegu usiku kucha, zifukie kina cha nusu sentimita, weka mahali penye nyuzi 15 hadi 18, nazo huota baada ya wiki tatu au nne. Palipo na joto sana zitagoma. Halafu tunguu la frisia likilala linataka joto la karibu nyuzi 30 ndipo liamke sawasawa, na chini ya mabati Januari na Februari utalipata bila gharama.

Klivia ni habari nyingine kabisa. Haitoki kwenye mvua ya baridi. Ni mmea wa misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini, hailali, haina tunguu la kweli, na inapenda kivuli. Mbegu yake ni nene yenye maji. Ikikauka imekufa, kwa hiyo ukiipata iweke siku hiyohiyo juu ya udongo, uikandamize kidogo bila kuifukia. Ua lake utalisubiri miaka minne au mitano. Mbegu za frisia na lakenalia ni kavu na zinaweza kungoja msimu wake.

Bustani_Dunga
Na sisi wa Kisumu? Huku ni mita 1,130 na usiku nyuzi 17 au 18.

Miche_Molo
Dada, frisia za dukani zinahitaji udongo ulio chini ya nyuzi 18 hivi ndipo ziunde ua. Kwako utapata majani mengi na maua haba. Tafuta *Freesia laxa*. Ni ndogo, nyekundu, na asili yake ni kuanzia Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, kwa hiyo imezoea mvua ya wakati wa joto. Nayo huchanua ndani ya mwaka kutoka mbegu, kisha hujisambaza yenyewe.

Bustani_Dunga
Asante sana. Hiyo nitaitafuta.

Mbaruk_Njia
Nyote mmesahau maji! Visima vingi vya Nakuru vina floraidi nyingi, ndiyo maana meno ya watu hapa yana rangi ya kahawia. Frisia na gladiola hazivumilii floraidi. Ncha za majani huungua, zinakuwa kama karatasi iliyopitishwa motoni, na mtu anaongeza maji akidhani ni kiu. Kinga maji ya mvua kwenye tangi uyatumie hayo peke yake. Mbolea ya fosfeti nayo iache, kwa kuwa mara nyingi hubeba floraidi.

Udongo wangu ni nusu changarawe ya yale mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu, tuliyo nayo tele hapa Bonde la Ufa, nusu mboji iliyochekechwa. Samadi mbichi hapana. Mkebe uwe na kina cha sentimita 15 au zaidi, kwa sababu mche una mizizi inayojikunja na kulivuta tunguu chini mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza lakenalia hutoa jani moja jembamba kama uzi wa nyasi. Mwambie anayekusaidia kupalilia asiling'oe.

Ng'ombe_Kapsabet
Kwa wenye mifugo: mkishawishika kuongeza morea, ua jingine la tunguu la huko Rasi, jueni baadhi yake huua ng'ombe. Klivia nayo ina sumu, iwe mbali na watoto.

Kibaraza_Lanet
Nimewaelewa. Lakenalia na frisia, mwezi wa Mei, kwa maji ya mvua. Klivia naiacha mpaka nipate mbegu mbichi. Nimesoma kwamba mbegu za Rasi hufukizwa moshi. Ni lazima?

Mzee_Njoro
Si kwa hizi. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1990 kwamba moshi wa mimea huamsha mbegu za kichaka kimoja cha huko kilichozoea moto, na baadaye ikaonekana mimea mingi ya Rasi iko hivyo. Lakenalia na frisia huota bila moshi. Ukiagiza mbegu nje, omba kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, na muuzaji akupe cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yake. Anza sasa, usingoje Aprili.