Kipigo mahabusu: maelezo ya onyo yapokelewe mahakamani?

Mtoto wa Mwanga: Wana Kigoma, mdogo wangu katoka kituoni kwa dhamana, tuhuma ni wizi wa injini ya boti. Nyayo zimevimba, hata ndala hazimwingii. Wanapiga nyayo makusudi: akivaa viatu huoni kitu. Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya kumtibu aliyeumizwa, na PF3 inatoka kituo kilekile alikopigwa! Humo ndani kasaini maelezo ya onyo, yale anayoandikishwa mtuhumiwa polisi, kwamba kaiba. Mahakama iyapokee kwa lipi?

Mzee wa Ujiji: Pole mwanangu. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani 1977 kwa watuhumiwa waliofia mikononi mwa dola, Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Leo anajiuzulu nani?

Askari Mstaafu: Mwizi hasemi kwa kubembelezwa. Na huku mpakani nusu ya wanaoshikwa ni Warundi, hata kitambulisho hawana.

Binti Kasulu: Nusu umeihesabu wapi? Sisi Waha tumechoka! Ongea Kiha kwenye basi uone, kwa kuwa kinafanana na Kirundi, kwenye kizuizi cha barabarani unashushwa wewe. Mama yangu mtu mzima kaulizwa mwenyekiti wa kijiji chake ni nani, abiria wote wanamtazama.

Askari Mstaafu: Dada, usinipakazie. Mimi nimeoa Buhigwe, kwa Waha hukohuko.

Kibirizi: Kuoa Buhigwe ndiyo ruhusa ya kututukana? Shemeji zako wanayajua haya unayoandika?

Wakili wa Mtaani: Jamani, hata angekuwa Mrundi. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inapiga marufuku kumtesa mtu yeyote. Mtoto wa Mwanga, mdogo wako ayakane maelezo hayo kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo. Mzigo wa kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari ni wa mashtaka. Na wanaodhani polisi hawaguswi: kesi ya mfanyabiashara wa madini aliyeuawa Mtwara, 2025 Mahakama Kuu imewahukumu polisi wawili kunyongwa.

Askari Mstaafu: Mtwara ilikuwa tamaa ya hela, si kazi. Msituchanganye na wale.

Binti Kasulu: Afande, hiyo nusu hujaijibu.

Nguruka: Hajibu huyo. Mimi NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, wananiuliza babu yangu alizaliwa wapi. Kazikwa hapahapa Uvinza, kaburi lake nalipalilia mwenyewe, bado naambiwa nilete mashahidi.

Kibirizi: Mashahidi wangapi? Mimi nilipeleka wazee wa kijiji, wakarudishwa.