Mjadala: Je, kitenzi katika andalio la somo kinapima fikra za mwanafunzi?

Mwalimu wa Kiswahili, sekondari: Ndugu walimu, napendekeza tuache kuhukumu andalio la somo kwa kitenzi kilichomo katika lengo mahususi. "Kutaja" hudharauliwa, ilhali "kuchambua" na "kutathmini" husifiwa, kwa kufuata ngazi sita za fikra, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, walizozipanga Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956. Muhula uliopita niliwapa kidato cha tatu swali la kuchambua dhamira za tamthiliya tuliyoisoma. Insha zaidi ya ishirini zilianza kwa sentensi ileile, nayo ilikuwa yangu, imenakiliwa kutoka kwenye kitini pamoja na mkato nilioukosea. Kitenzi kilikuwa cha ngazi ya nne, lakini kazi iliyofanyika ilikuwa kukumbuka tu. Wiki iliyofuata niliwapa shairi wasilolijua, nikawaagiza wataje ubeti ambamo mshairi anajipinga. Darasa lilinyamaza, kila mmoja akirudia beti zilezile kwa ncha ya kalamu.

Mtunzi wa mitihani: Mwalimu, kwa heshima, kosa hilo si la ngazi. Walioziandaa walikuwa watahini wa vyuo vikuu vya Marekani waliotafuta lugha moja ya kubadilishana maswali, nao walitahadharisha kwamba swali haliwezi kupangiwa ngazi bila kujua mwanafunzi amekwisha kufundishwa nini. Sisi ndio tulioishika orodha ya vitenzi na kuiacha tahadhari. Mimi niliwahi kutunga mtihani bila jedwali la utahini, yaani lile linalogawa maswali kwa mada na kwa ngazi, nikajikuta na maswali kumi na manne ya kutaja kati ya ishirini, kwa hiyo siwezi kuunga mkono ngazi hizo ziondolewe.

Mwalimu wa Kiswahili: Jedwali libaki, hapo sina ubishi, kazi yake ni kumzuia mtunzi asiegemee upande mmoja. Ninachokataa ni kulifanya ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, kana kwamba limetoka mbinguni. Katika marekebisho ya mwaka 2001 yaliyohaririwa na Anderson na Krathwohl, tathmini ilishushwa kutoka kileleni na kuunda kukawekwa juu yake. Mpangilio huo basi ni makubaliano ya wataalamu. Mthibiti ubora wa shule akija darasani kwangu, ningependa aombe andalio pamoja na kitini, avilinganishe, ndipo aniambie wanafunzi wangu wamefikia ngazi gani.