Mbuzi anasukuma, naona pua na mguu mmoja tu, nifanyeje?

mfugaji_bweyale
Banange, naomba msaada haraka. Mbuzi wangu wa kienyeji, uzao wa kwanza, chupa imepasuka saa mbili usiku, sasa inakaribia saa tatu anasukuma mpaka analia na kinachoonekana ni pua, ulimi na kwato moja, ya pili siioni kabisa. Daktari wa sabukaunti nampigia hapokei. Jirani ameshaleta kamba anasema tuvute. Beberu alikuwa Boer, ile mbegu ya mbuzi wakubwa, nilimuazima, nahisi ndo shida

muzee_wa_masindi
Vuteni tu polepole, sisi ndo tulikuwa tunafanya hivyo. Ama mchome oksitosini, maduka ya dawa za mifugo wanayo

mama_zizi
Muzee shikamoo ila hapana!! Huo mguu mwingine umekunjwa nyuma, bega limekwama, ukivuta hivyo unaua wote wawili, na hiyo sindano inaongeza nguvu ya kusukuma wakati njia imeziba, kizazi kinapasuka.

bweyale nisikilize. Kata kucha, nawa na sabuni mpaka kwenye kiwiko, paka mafuta ya kupikia mengi, glavu kama zipo vaa (mwenye mimba asisogee hapo, kuna brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu). Kamba ya jirani ina kazi, funga kitanzi kwenye huo mguu wa nje usije ukapotelea ndani. Mbuzi asimame mtu amshike, sasa akipumzika kusukuma ndo wewe unakirudisha kitoto ndani kidogo, akisukuma usishindane naye, subiri. Fuata shingo, shuka begani, ukipata goti livute juu, halafu kwato uifunike na kiganja chako chote ndo uilete mbele, bila hivyo itachana kizazi. Miguu miwili na pua vikikaa sawa, vuta pamoja naye kuelekea chini, sio kwako

kijana_mubende
Na hakikisha mguu ni wa huyo huyo, mapacha huwa wanachanganyikana. Papasa viungo viwili vya kwanza kutoka kwenye kwato, vikikunja upande mmoja ni mguu wa mbele, vikipingana ni wa nyuma

mfugaji_bweyale
Ametoka!!! Dume, kubwa kama la miezi, ulimi ulikuwa wa bluu na hapumui, tukamsugua na gunia, mke wangu akamtekenya puani na unyasi akapiga chafya. Nikadhani tumemaliza kumbe kuna wa pili, huyo katanguliza miguu ya nyuma akatoka mwenyewe hata sikumgusa. Sasa kondo linaning'inia, nilivute?

mama_zizi
Usiguse! Liache mpaka litoke lenyewe, zikipita saa 12 bado lipo ndo shida. Vitovu vipake aidini, na wote wanyonye dang'a (maziwa ya kwanza) sasa hivi, huyo aliyechoka mkamulie umnyweshe kidogo kidogo, ila kwanza ahakikishwe anaweza kumeza

muzee_wa_masindi
Marahaba mama. Na huyo Boer mrudishie mwenyewe, mzao wa kwanza mpe beberu mdogo

mfugaji_bweyale
Kesho asubuhi anarudi kwao. Na daktari amepokea simu sasa hivi anauliza kama bado namhitaji 😂 nimemwambia aje na antibayotiki maana mkono umeingia mpaka ndani