Minyoo na pumu, kinga ni ileile?

Binti_Rau: Wadau habari, niko Moshi ndo naanza utafiti wa kinga ya mwili. IgE (kingamwili inayohusika na mzio) inapanda kwa minyoo na kwa pumu pia, sasa mbona wengi wenye minyoo hawabanwi kifua?

Kaka_Kiborloni: Dada swali zuri sana hilo. Minyoo ikikaa sana inatuliza kinga, IL-10 (kemikali ya mwili inayopoza kinga) inapanda, ila usiweke yote kapu moja maana uchambuzi wa 2006 uliunganisha tafiti nyingi ukakuta wenye minyoo ya safura pumu kwao ni pungufu kuliko wasio nayo, ila wenye askarisi (minyoo mikubwa ya duara) pumu ni zaidi.

Mama_Majengo: Mwanangu ana pumu jamani, nisimpe dawa ya minyoo?

Kaka_Kiborloni: Mpe mama, safura inanyonya damu. Na dawa ya kuvuta asiache.