Acheni kuandika "inakubali toleo lolote" kwenye ramani ambazo hamjazifungua hata kwenye injini moja ya zamani

Wakuu, salaam. Uzi huu unawahusu watengeneza ramani na modi (mabadiliko ya mchezo) za Doom, ule mchezo wa risasi wa 1993, na sitamung'unya maneno.

Inapakiwa ramani mpya, maelezo ni yaleyale: "inakubali toleo lolote". Unaishusha, unaifungua kwenye Chocolate Doom, injini (programu ya kuendeshea mchezo) inayoiga Doom ya asili, inagoma kabla menyu haijatokea. Unaipeleka injini ya Zandronum, nusu ya maadui hawapo. Ukimuuliza mwenye mzigo anakujibu kwa mkato, "sasisha GZDoom yako", yaani injini ya kisasa. Sasa nani alikulazimisha kuandika toleo lolote?

Halafu hilo la kusasisha mnalitamka kirahisi mno. Laptopu za mtumba zenye prosesa za kizazi cha pili cha Intel, zile za i5-2520M na kadi ya picha ya HD Graphics 3000, bado zimejaa Kariakoo na Nairobi. Kwenye Windows draiva ya kadi hiyo inaishia OpenGL (mfumo wa kuchora picha) toleo la 3.1. GZDoom za mfululizo wa 4 kwa njia yake ya kawaida zinataka 3.3. Hapo hakuna cha kusasisha, draiva nyingine haipo wala haiji. Matoleo ya karibuni yana njia ya OpenGL ES kwa ajili ya kadi dhaifu, ila modi iliyojazwa sheda (programu ndogo za kuchora picha) za mwenyewe inaweza kuharibika humo. Kwenye Linux kadi hiyohiyo inafika 3.3 kupitia draiva za Mesa, kwa hiyo anayeweza ahamie huko. Lakini kumwambia mtu abadilishe mfumo mzima wa kompyuta kwa ajili ya ramani yenye vyumba sita na mlango mmoja wa ufunguo mwekundu ni dharau.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mara nyingi ramani yenyewe haina chochote kinachohitaji injini mpya. Tazameni taa inayotoa mlio. Mtu anaandika kwenye DECORATE, lugha ya zamani ya kueleza maadui na vitu:

A_StartSound("taa/mlio", CHAN_BODY, CHANF_LOOPING, 0.5)

Amri hiyo imeingia na GZDoom 4.3.0. Zandronum, ambayo ndiyo watu wanachezea pamoja mtandaoni, msingi wake ni ZDoom, injini iliyoizaa GZDoom, ya enzi za 2.8. Haiijui amri hiyo, na haiiruki pia: inasimamisha upakiaji wote palepale. Modi nzima inakufa kwa sababu ya taa. Na hii ya zamani ingetosha kabisa:

A_PlaySound("taa/mlio", CHAN_BODY, 0.5, true)

Inafanya kazi kote kuwili. Ila msikimbilie kubadilisha jina mkaacha yaliyomo kwenye mabano kama yalivyo. Kwenye A_StartSound nafasi ya tatu ni ya bendera, ukubwa wa sauti unakuja nafasi ya nne. Kwenye A_PlaySound nafasi ya tatu ndiyo ukubwa wa sauti, ya nne ni kujirudia, ndiyo au hapana. Ukibadilisha jina tu, Zandronum itagoma tena kwa kuwa CHANF_LOOPING nayo haijawahi kuisikia, na GZDoom itaichukua ile bendera kana kwamba ni ukubwa wa sauti. Hapo ndipo zinapotoka zile taa zinazopiga kelele ramani nzima, mwenyewe akidhani tatizo ni faili la sauti.

Kisa cha amri za kurusha risasi, A_SpawnProjectile (mpya) dhidi ya A_CustomMissile (ya zamani), ni kilekile. Huko ukitumia pitch (mwinamo wa juu au chini) kagua kwa macho risasi inakwenda wapi, kwa sababu juu na chini hazikuhesabiwa kwa alama moja ya kujumlisha au kutoa kwenye amri hizo mbili.

ZScript sasa, lugha mpya ya kuandikia modi za GZDoom. Mstari wa kwanza kabisa mnaandika version "4.12" kwa sababu mmenakili kwa mtu. Mstari huo si mapambo. Injini ikikuta namba iliyo juu ya yake inakataa kuendelea, hata kama ndani mna adui mmoja aliyebadilishwa rangi. Usipoandika namba yoyote injini inakuhesabia 2.3. Anzeni chini, pandisheni pale tu injini inapolalamika kwamba kitu fulani hakipo, na mjue ni kitu gani kimewapandisha. Na kama maadui wako hawana lolote zaidi ya hatua, milio na risasi, waache DECORATE. ZScript kwenye Zandronum haisomwi kabisa, na haitoi hata kosa: injini inapita kimya, adui anabadilika kuwa alama ya kitu kisichojulikana, na konsoli (dirisha la ujumbe la injini) inaandika Unknown type ikifuatwa na namba na mahali alipotakiwa kuwa. Kama mlango wa kutokea unafunguka adui huyo akifa, mchezaji amenasa humo milele. Kabla ya kupakia, fungueni konsoli mtafute maneno hayo mawili. Ni kazi ya dakika moja.

Nikija kwa wanaojitangaza kwamba ramani zao ni za Doom ya asili, ndipo hasira inapopanda kabisa. Mtu ameanza na UDMF (muundo mpya wa ramani) kwenye Ultimate Doom Builder, programu ya kuchorea ramani, ameweka tekstua (picha za kuta) za PNG, amefungasha PK3 (kifurushi cha injini mpya), halafu anaandika "vanilla", yaani Doom ya asili. Injini ya 1993 inasoma WAD (faili za Doom zenyewe) tu, ramani za muundo wa Doom tu, na picha za muundo wake wenyewe. UDMF hairudi nyuma kwa kubonyeza kitufe: miteremko, tagi (namba zinazounganisha mstari na eneo lake) za ziada na majina marefu ya tekstua vyote vinapotea. Chagueni usanidi wa Doom 2 wa muundo wa Doom kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Mipaka yenyewe inajulikana tangu chanzo cha programu kilipotolewa Desemba 1997. Visplane, yaani vipande vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa mtazamo mmoja, ni 128. Ukizidisha, programu inafunga na kukuachia R_FindPlane: no more visplanes. Vipande vya kuta ni 256, na hapa haifungi: ukuta unaozidi hauchorwi, na mahali pake picha za nyuma zinaburuzika skrini nzima. Vitu vinavyoonekana kwa pamoja ni 128, vinavyozidi havichorwi. Faili la kuhifadhi mchezo lina nafasi ya baiti 180,224, ndiyo maana ramani yenye maelfu ya maadui inaweza kuchezeka vizuri halafu ikaanguka mtu anapohifadhi. Builder ina plagi ya Visplane Explorer inayopaka ramani rangi kulingana na hesabu ya visplane. Iwasheni. Panapokaribia mpaka punguzeni ngazi za sakafu au tofauti za mwanga, maana kila urefu, kila picha ya sakafu na kila kiwango cha mwanga kinachotofautiana na jirani yake kinadai visplane yake.

Kuna mawili ambayo GZDoom inawaficha. La kwanza ni mstari wenye kitendo cha mbali lakini tagi ni 0. Kwenye Doom ya asili tagi 0 nayo ni tagi, kwa hiyo lifti yako inashusha kila sekta (eneo la sakafu) ambayo hukuipa namba, na hizo ndizo karibu zote. La pili ni tekstua ambayo urefu wake si pikseli 128. Ikiwa fupi na ukuta ni mrefu, inapotakiwa kujirudia utaona mistari ya rangi ovyo. Hayo yote kwenye GZDoom yanapita bila kuonekana, ndipo mtu anaapa kwamba amepima.

Kupima ni huku:

chocolate-doom -iwad doom2.wad -file ramani.wad -warp 1 -skill 4

Skill 4 (kiwango cha ugumu) kwa sababu ndipo maadui wengi wamewekwa. Simameni sehemu iliyo wazi zaidi, geukeni polepole mzunguko mzima, kisha hifadhini mchezo mkiwa humohumo. Na kupima kwenye Crispy Doom hakuhesabiki, kwa kuwa Crispy imeiondoa mipaka hiyo. Kama ramani ni ya Boom au MBF21 (viwango vilivyopanua Doom ya asili), wekeni kifaili cha maandishi kinachoitwa COMPLVL ndani ya WAD, neno moja tu: vanilla, boom, mbf au mbf21. Injini za dsda-doom na Woof zitajipanga zenyewe, injini za zamani zitakipuuza bila madhara.

Na nyie wa upande wa pili, mnaodai kila modi iende kwenye injini za zamani, msicheke. ZDoom iliachwa rasmi Januari 2017, toleo lake la mwisho ni 2.8.1. Kumdai mtu airudishe huko modi iliyojengwa juu ya ZScript, yenye menyu na vishughulikia matukio vyake, ni kumdai aiandike upya yote. Hilo hana deni nalo kwenu. Deni lake ni kusema mapema kwamba haiendi huko.

Kwa hiyo kwenye faili la maelezo wekeni mistari miwili. Imepimwa: Chocolate Doom 3.0.1, GZDoom 4.11.3, Zandronum 3.1, au zozote mlizozifungua kweli. Haijapimwa: nyingine zote. Mkiandika "inahitaji GZDoom 4.11" hakuna atakayewauliza kitu, mwenye mashine ndogo atapita tu bila kupoteza bando la kushushia megabaiti mia tatu.

Na anayekuja hapa kunijibu "nunua kompyuta mpya", aanze kwa kuweka ramani yake mojawapo aliyoiita ya toleo lolote. Tuifungue Chocolate hapahapa, wote tukiona.