Naomba ushauri: mdogo wangu ametoka katika Uislamu, na baba mdogo anataka tumnyime mirathi

Kaka Mkubwa, Ujiji

Assalaam alaykum, na wa imani nyingine nawasalimu pia. Mimi ni mtoto wa kwanza katika nyumba ya Waislamu wa Ujiji, mji ambao Uislamu umekuwamo tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Baba yetu alifariki mwaka 2019 akaacha nyumba na shamba la michikichi, nasi kwa uzembe wetu hatujagawana mpaka leo. Mwaka jana mdogo wangu anayefanya kazi Kasulu alibatizwa, akatueleza mwenyewe, kwa adabu, baada ya chakula cha Idd.

Mama alilia bila kutoa sauti. Shangazi alikichukua kikombe alichonywea, akakisuuza kwa maji ya moto, akakiweka dirishani mbali na vingine, na kipo pale hadi leo. Wiki iliyofuata baba mdogo aliitisha kikao, akasoma hadithi isemayo kwamba mwenye kubadili dini yake auawe, kisha akasema kwamba kwa kuwa nchi hii hairuhusu hukumu hiyo, angalau tumwondoe katika mirathi na asipokewe nyumbani. Alilofanya mdogo wangu limeniumiza, sifichi. Lakini je, dini inatutaka tufanye hivyo?

Mkazi wa Mwanga

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inataja wazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Hapo hakuna cha kujadili.

Ustadh wa Gungu

Kipo cha kujadili, kwa sababu muulizaji hakuuliza kuhusu serikali, ameuliza kuhusu dini yake. Hadithi aliyoisoma ami yako imo katika mkusanyo wa Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, na madhehebu manne yote ya Sunni yalichukua hukumu ya kifo kwa mwanamume aliyeritadi, yaani aliyetoka katika Uislamu, ingawa Mahanafi walisema mwanamke afungwe tu. Sipendi wenzangu wanaolificha jambo hili mbele ya wageni. Hata hivyo wanazuoni hao hao waliikabidhi hukumu hiyo kwa mtawala, baada ya mtu kutakiwa atubu, na Sufyan al-Thawri, mwanazuoni wa zamani, alipokewa akisema kwamba mtu huyo atakiwe toba daima. Katika karne iliyopita Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, chuo kikuu cha dini huko Misri, aliona kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu ya mtu. Nayo Qur'ani inasema hapana kulazimisha katika dini (2:256), na katika 10:99 Mtume mwenyewe anaulizwa kama atawalazimisha watu mpaka wawe waumini.

Mfuasi wa Sunna

Ustadh, unalainisha. Waislamu wengi duniani wanaikubali hukumu hiyo.

Ustadh wa Gungu

Inategemea unawauliza wa wapi. Katika utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa mwaka 2013, miongoni mwa wanaotaka sharia iwe sheria ya nchi, walioafiki kifo kwa aliyeritadi walikuwa asilimia 86 Misri, 18 Indonesia na 4 Kazakhstan. Kitabu chao ni kimoja. Sudan nayo iliifuta adhabu hiyo mwaka 2020, na misikiti yake haikufungwa.

Karani Mstaafu, Tabora

Naomba turudi kwenye shamba. Ni kweli kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, kwa hadithi ya Usama bin Zayd. Lakini kinachoangaliwa ni siku ya kifo cha mwenye mali. Marehemu alifariki 2019, kijana akabatizwa mwaka jana, kwa hiyo siku ile alikuwa Mwislamu na fungu likawa lake. Kilichochelewa ni kuligawa tu.

Mfuasi wa Sunna

Katika madhehebu yetu ya Shafi mali ya murtadi husimamishwa.

Karani Mstaafu, Tabora

Husimamishwa na kadhi mwenye mamlaka, wala si na kikao cha sebuleni. Huku Bara makadhi wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, husuluhisha, lakini mirathi hii ni ya Mahakama ya Mwanzo, na hatua ya kwanza ni kuteua msimamizi. Tena muulizaji ajiulize jambo moja: mama ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na penye mtoto wa kiume ami hapati kitu. Akiondolewa mdogo wako, fungu lake linakwenda kwako na kwa dada zako. Ami yako huenda ana uchungu wa dini tu. Wewe je?

Bi Mchikichini

Mimi ni Mkristo, kaka yangu alisilimu akiwa Tabora, na baba alikaa miaka sita bila kumtaja. Mzungumze na mama kabla ya kwenda mahakamani.

Kaka Mkubwa, Ujiji

Nimesoma majibu yote mara mbili. Swali la Karani lilinichoma, maana nilipoandika nilikuwa nimeshapiga hesabu ya michikichi, na sikuisema. Jumatatu nitakwenda na baba mdogo kufungua shauri la mirathi, na jina la mdogo wangu litakuwamo. Jana nimeongea na mama. Hakusema lolote juu ya dini. Aliniuliza tu kama huko Kasulu anakula vizuri, kisha akakitoa kikombe dirishani, akakirudisha kabatini pamoja na vingine. Shangazi bado hajakiona.