Mtoto ana mafua siku ya chanjo: aende au asiende? Tupeane uzoefu

Mama Kadi
Habari zenu wakuu. Nimefungua uzi huu baada ya kuona tena kadi ya kliniki yenye nafasi tupu kwenye wiki ya 14, na pembeni neno moja: "mafua". Mzazi hakukataa chanjo. Alifika, akageuzwa mlangoni, akaambiwa arudi mtoto akipona. Wiki ya 14 ikapita.

Tuliseme wazi. Mafua hayazuii chanjo. Kikohozi kidogo hakizuii, wala kuharisha kidogo, wala joto lisilofika nyuzi 38.5. Mtoto anayetumia antibiotiki huchanjwa. Njiti naye huchanjwa kwa umri wake tangu siku aliyozaliwa, si tangu tarehe aliyotarajiwa. Vinavyozuia kweli ni vichache: mzio mkali uliompata baada ya dozi iliyopita ya chanjo ileile, ugonjwa mzito wa kulazwa, na kwa chanjo zenye vijidudu hai (BCG ya kifua kikuu, surua, matone ya polio) kinga ya mwili iliyodhoofika sana. Wenye ujuzi mwageni hapa, wazazi tusome.

Muuguzi wa Zamu
Umenigusa, dada. Nianzie kwenye BCG, maana ndiyo inayowatisha wazazi kabla hawajazoea kliniki.

Sindano hiyo inaingia ndani ya ngozi yenyewe, mililita 0.05 tu kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ikiingia vizuri, papo hapo unaona uvimbe mdogo mweupe wenye vishimo kama ganda la chungwa, kisha unanywea. Mzazi anadhani yamekwisha. Wiki ya 2 hadi ya 6 kinatokea kipele, kinatunga usaha, kinapasuka, kinakuwa kidonda kidogo. Hapo ndipo watu wanakosea: wanakikamua, wanapaka dawa ya vidonda, wanakifunga kwa plasta. Kiacheni. Mwogeshe mtoto kama kawaida, kausha bila kusugua, mvalishe nguo isiyobana. Baada ya miezi 2 au 3 kinakauka na kubaki kovu.

Cha kurudisha kliniki ni tezi za kwapani upande uleule zikivimba zikawa kubwa au zikatoboka usaha, au kidonda kinachoendelea kupanuka. Na kovu lisipotokea, mtoto harudiwi chanjo kwa sababu hiyo pekee.

Kanga Mbili
Hapo kwenye kukamua naunga mkono kwa mikono miwili. Kiachwe.

Mnyororo Baridi
Wazazi wengi hawajui kwamba wana haki ya kuangalia kichupa. Kwenye lebo au kifuniko kuna duara lenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara, chanjo inafaa, mradi haijapita tarehe. Rangi zikilingana, au mraba ukawa mzito zaidi, inatupwa.

Ila alama hiyo inapima joto tu. Haisemi lolote kuhusu kuganda, na kuganda ndiko kunakoua chanjo za mapajani: pentavalenti (ile ya magonjwa matano kwa pamoja), ya nimonia, ya homa ya ini, ya pepopunda. Jokofu linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Tatizo mara nyingi linaanzia kwenye sanduku la kubebea: vifurushi vya barafu vinatolewa kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja juu ya vichupa. Ilitakiwa vikae nje kwanza mpaka ukitikisa kimoja usikie maji yanacheza ndani.

Ukishuku, kuna kipimo cha kutikisa. Chukua kichupa kimoja cha toleo lilelile, kigandishe kabisa kwa makusudi, kiyeyuke. Tikisa hicho pamoja na kile unachokishuku, viweke mezani ubavu kwa ubavu. Kile ulichokigandisha kitatulia haraka, mashapo chini, maji maangavu juu. Unachokishuku kikitulia kwa kasi hiyohiyo, kimeganda, usimchome nacho mtu. Kipimo hiki hakihusu BCG wala surua. Hizo ni unga uliokaushwa na haziharibiki kwa kuganda kabla ya kuchanganywa.

Baba Pacha
Nyongeza ya haraka kwa wazazi: mpe mtoto paracetamoli nusu saa kabla ya kutoka nyumbani. Homa haitamkamata.

Muuguzi wa Zamu
Hapana, mkuu, tusiwape watu hilo kama kanuni. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulioonyesha kwamba watoto waliopewa paracetamoli ya kuzuia homa walitengeneza kinga pungufu kwa baadhi ya chanjo. Subiri homa ije. Ikija na mtoto anasumbuka, ndipo umpe.

Baba Pacha
Mbona Uingereza wanawaambia wazazi wawape? Au watoto wa kule wana damu nyingine?

Muuguzi wa Zamu
Ni kwa chanjo maalumu. Walipoingiza chanjo ya homa ya uti wa mgongo kundi B kwenye ratiba mwaka 2015, waliona inaleta homa kwa watoto wengi ikitolewa pamoja na nyingine, wakapima faida na hasara, wakaona kwa chanjo hiyo dawa ya mapema inafaa. Kama kliniki yenu inatoa hiyo na imewaelekeza hivyo, fuateni. Kama haitoi, msianzishe.

Na kipimo kitoke kwenye uzito, si kwenye kijiko cha nyumbani. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 ndani ya saa 24, zikipishana angalau saa 4. Mtoto wa kilo 6 anaanzia miligramu 60. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 2.5. Lakini zipo dawa za matone zenye nguvu mara kadhaa ya hiyo, na ujazo uleule ukawa sumu. Soma chupa kila mara. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipewe kabla ya mhudumu kumwona, isipokuwa kliniki ilikuelekeza hivyo.

Baba Pacha
Hapo kwenye matone umesema kweli. Nimeelewa.

Kanga Mbili
Na je, yale ya kuambiwa "leo surua hatufungui, watoto hawajatimia, njooni wiki ijayo"? Hilo linanichoma.

Stoo ya Chanjo
Dada, kichupa cha surua mara nyingi kina dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake kinaishi saa 6 tu au mpaka mwisho wa kliniki, kinachotangulia. Ukikifungua kwa mtoto mmoja unamwaga 9. Wahudumu wanaogopa kuulizwa dozi zimekwenda wapi.

Mama Kadi
Dozi 9 zilizomwagwa zinaandikwa kwenye ripoti. Mtoto aliyegeuzwa akaugua surua anaandikwa wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata akiwa mtoto mmoja. Surua inataka watoto 95 kati ya 100 wawe na dozi mbili ndipo isimame. Dozi ya miezi 9 peke yake inakinga takribani 85 kati ya 100.

Stoo ya Chanjo
Sipingi. Nasema woga unatoka wapi. Ukitaka usigeuzwe, uliza siku ya surua kituoni kwenu ni ipi, uende siku hiyo.

Mnyororo Baridi
Naomba niingilie hapo kwenye saa 6, kwa sababu kuna mtu atasoma na kusema basi dozi 9 zitunzwe mpaka kesho. Mei 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa kwenye kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta sindano moja ilitumika kuchanganyia kwa siku zote 4 za kampeni, na chanjo ilikaa bila ubaridi muda wote huo. Chanjo ya surua haina dawa ya kuzuia vijidudu. Bakteria wakiingia kwenye kichupa kilichofunguliwa wanazaliana humo na kutoa sumu. Watoto wengine 32 walipata homa, kutapika na kuharisha, wakapona.

Kijiti
Mungu wangu. Watoto 15?

Mpita Njia
Hii sasa itawatia watu hofu wasiende kabisa. Ungeiacha.

Mnyororo Baridi
Ndugu yangu, wanaoficha habari hii ndio wanaowaachia wazushi waiseme vibaya. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichoua ni namna ilivyotunzwa. Na mzazi akijua hivyo anajua pia cha kuangalia. Bomba la sindano litolewe kwenye pakiti mbele yako. Mabomba ya chanjo siku hizi yanajifunga yakishatumika mara moja, hayavutiki tena. Kichupa cha surua au BCG kilichofunguliwa kiwe kimeandikwa saa ya kuchanganywa. Uliza kwa adabu: "Dada, hiki kimefunguliwa saa ngapi?" Muuguzi anayefanya kazi yake vizuri atakujibu bila kununa.

Kanga Mbili
Saa ya kuchanganywa. Hilo nalishika.

Kijiti
Jamani, na degedege? Kuna mtu anasema mtoto akichomwa ya surua anapata degedege.

Muuguzi wa Zamu
Linatokea kwa wachache, na linatokana na homa. Homa ya pentavalenti huja ndani ya siku moja, mara chache mbili. Ya surua inachelewa, kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mwingine na vipele, kwa hiyo wengi hawaiunganishi na chanjo.

Degedege likija, mlaze ubavu sakafuni mbali na vitu vigumu, legeza nguo, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, usimshikilie kwa nguvu. Likizidi dakika 5, likirudia, au asipozinduka vizuri, hospitali mara moja. Hata likiisha lenyewe, aonwe siku hiyohiyo, maana homa yaweza kuwa ya malaria au ya uti wa mgongo iliyogongana tu na siku ya chanjo.

Hatari nyingine ni mzio mkali: mtoto anapauka, analegea, anavimba uso, anapumua kwa shida. Ni nadra sana, na kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mnaambiwa mkae nusu saa kwenye benchi. Wengi huondoka baada ya dakika 3. Kaeni, dawa ya adrenalini iko pale kliniki, nyumbani haipo.

Mzani
Mmezama kwenye sindano, mmesahau kupima. Mtoto anapimwa bila nguo na bila nepi iliyolowa. Nguo nzito zinaficha upungufu wa mwezi mzima. Mizani irudishwe kwenye sifuri na suruali ya kuning'inizia ikiwa tayari imetundikwa.

Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, na anatakiwa kuurudisha kabla ya wiki 2. Karibu na miezi 5 uzito unakuwa maradufu, akifika mwaka mara tatu. Lakini msikodolee nukta moja. Angalieni mstari wa ukuaji kwenye kadi. Mtoto mdogo anayepanda sambamba na mstari wake wa chini yuko salama kuliko mnene ambaye mstari umelala miezi 2 mfululizo.

Urefu nao una mtego: chini ya miaka 2 apimwe amelala, kuanzia hapo amesimama. Ukibadilisha namna ya kupima, tofauti ni karibu sentimita 0.7, na mzazi anaambiwa mtoto kadumaa kumbe ni ubao. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono huanza miezi 6: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, aanze matibabu siku hiyo.

Stoo ya Chanjo
Na matone ya vitamini A kila miezi 6. Kidonge cha uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, 200,000 kuanzia mwaka. Kinakatwa ncha, kinakamuliwa mdomoni, mtoto hakimezi.

Mpita Njia
Ushauri mdogo: mnyonyeshe wakati anachomwa. Analia nusu.

Muuguzi wa Zamu
Kweli kabisa. Ampakate wima, paja limelegea. Chanjo za matone zitangulie, sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Ila msiisugue sehemu iliyochomwa wala kuikanda kwa maji moto.

Kijiti
Swali la mwisho. Mtoto ana miezi 7, alipata pentavalenti mara moja tu, kadi imepotea. Inabidi aanze upya?

Mama Kadi
Haanzi upya. Dozi haifutiki kwa kuchelewa. Anapewa ya pili siku atakayofika, ya tatu baada ya wiki 4, pamoja na polio, na ya nimonia kwa mpango kliniki itakaoupanga kwa umri wake. Miezi 9 surua iko palepale. Ya kuhara tu ndiyo waulize mapema, kwa sababu baadhi ya nchi hazianzi dozi ya kwanza mtoto akishafika wiki 15.

Muuguzi wa Zamu
Muende kituo kilekile alichochomwa. Mkumbuke hata mwezi tu wa ile dozi na namba ya simu mliyoandikisha siku hiyo. Daftari lina kurasa nyingi, hivyo viwili vinafupisha kutafuta. Na waangalie bega, kovu la BCG litawaambia moja lililokwishafanyika.